Tone la Mama Mkasi

Katika nyumba niliyopanga chumba mwaka ule kulikuwa na mikasi mitatu. Wa jikoni ulikuwa wa wote. Wa kushonea ulikuwa wa wote wenye adabu. Wa tatu, mwembamba, wenye ncha zilizopinda kidogo, ulilala ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na huo haukuguswa na mtu ila mwenye nyumba. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, aliwahi kuukatia masharubu.

"Nilimwambia achague," mkewe alinisimulia mezani, mzee mwenyewe akiwa papo hapo anatafuna bila haraka. "Mimi au masharubu."

"Nikachagua," mzee akasema, akaupapasa mdomo wake wa juu uliobaki mtupu.

Jina la Mama Mkasi alipewa kazini, likamganda hadi mtaani, na majirani wageni walidhani ni fundi cherehani. Hajawahi kushona hata kifungo. Vifungo vya nyumba ile vilishonwa na mzee. Alichokata yeye ni picha za kromosomu, katika maabara ya hospitali kubwa, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho baada ya stoo ya mashuka.

Ukimwuliza kromosomu ni nini hakupi maneno makubwa. Atakuambia ni nyuzi. Ndani ya kila seli ya mwili mna nyuzi arobaini na sita, zimekaa mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama, na humo ndimo yalimo maagizo yote ya kumjenga mtu. Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi hujipanga katikati, kisha huvutwa, hii huku na ile kule, ili kila upande upate fungu lake kamili. Kazi hiyo hufanyika ndani yetu wakati huu huu unaposoma, na kwa kawaida hufanyika sawasawa. Lakini mara moja moja nyuzi mbili zilizotakiwa kuachana hukataa kuachana. Zinakwenda zote upande mmoja, upande wa pili unabaki mikono mitupu. Ikitokea hivyo wakati yai au mbegu ya kiume inaumbwa, mimba itakayotungwa itaanza safari na uzi wa ziada, au pungufu. Wachache hufika. Wengi huishia njiani, mapema sana, kabla hata mama hajamwambia shoga yake.

Kazi ya Mama Mkasi ilikuwa kuzikamata nyuzi hizo zikiwa zimejipanga, kuzipiga picha chini ya hadubini, kuikata picha uzi kwa uzi, na kuzibandika kwenye karatasi jozi kwa jozi, kuanzia ndefu hadi fupi, kila jozi na namba yake. Ukimaliza, macho yenyewe yanakuonyesha penye tatu au penye moja. Kompyuta ya kufanya hivyo iliahidiwa kila mwaka na kila mwaka ilikuwa njiani. Yeye hakuingoja wala hakuilaani.

Nimeingia maabara za namna hii katika nchi kadhaa, zinazosema lugha mbalimbali, na kila mahali nimekuta jambo moja: hatua zote zimeandikwa ukutani isipokuwa ile inayoamua kila kitu. Damu inalishwa ndani ya chupa, inakaa kwenye kabati la joto siku kadhaa, ikichochewa na dawa ili seli zigawanyike. Inatiwa dawa nyingine ya kuzinasa seli katikati ya tendo. Inatiwa maji ya chumvi hafifu, seli zinavimba. Inatiwa mchanganyiko wa spiriti na siki kali unaochoma pua. Yote hayo yana vipimo. Kisha unavuta kidogo kwa pipeti, unaachia tone moja lianguke juu ya kipande cha kioo, seli zinapasuka kwa kule kutua, na nyuzi zinatandazika zionekane. Ukiliachia chini mno, nyuzi zinabaki zimerundikana kama nguo chafu. Ukiliachia juu mno, au hewa ikiwa kavu, seli inapasuka vibaya, nyuzi zinaruka nje ya mpaka wake, na wewe utahesabu arobaini na tano ukidhani ni mwili uliokosea.

Kwa hiyo kila mtu ana dua yake. Nimemwona bwana mmoja akipanda kwenye kigoda. Nimemwona dada mmoja akilaza kioo juu ya kitambaa kibichi. Mama Mkasi alikipumulia kioo, hoo, kama mtu anayetaka kufuta miwani, na kabla ukungu wa pumzi haujakauka aliachia tone kutoka usawa wa kidevu. Mvua ikinyesha alishuka hadi usawa wa kifua. Wenzake walimtania kwamba siku akila vitunguu, kromosomu zinatua zimeziba pua.

Walimtania, lakini vioo vilivyowashinda walimletea yeye. Sifa yake ilivuka hadi hospitali nyingine. Na sifa, kama anavyojua mgema wa methali, ni kitu cha kukaa nacho macho.

Mwanamke ninayetaka kumtaja sasa alifika kwake kwanza kama damu ndani ya chupa, kabla hawajaonana. Alikuwa msusi, mfupi, mcheshi, mwenye saluni ya viti viwili jirani na duka la mabati. Mumewe alikuwa fundi bomba. Walikuwa wamepoteza mimba tatu, zote kabla hazijaonekana kwa nje. Ukweni kwake hawakuwa watu wabaya, ila walikuwa watu wa kuuliza. Waliuliza kwa upole, kwa simu, kwa ziara, kwa kumtuma huyu na yule. Mwishowe msusi alimwambia mumewe, huku akikunja taulo za saluni:

"Wakipima wakakuta kasoro ni yangu, nitaondoka kwa miguu yangu. Sitaki uje kuniambia wewe."

"Unaongea upuuzi."

"Nimeshazungumza na dada yangu. Ana kitanda."

Mimba ya tatu ilipotoka, hospitali ilichukua kipande kidogo cha kilichotoka ikakipeleka maabara, pamoja na damu ya mke na ya mume. Kipande kile kilihitaji muda kuota ndani ya chupa, kwani seli zake ni za polepole kuliko za damu. Damu ya mume ilisomwa kwanza, ikakutwa haina neno. Msusi alipoambiwa hivyo alifurahi kwa ajili yake, akaenda nyumbani akapanga nguo zake katika rafu ya chini, mahali ambapo begi lingeingia kwa urahisi. Haya aliniambia mwenyewe, baadaye, akiwa amemshika mteja kichwa.

Kwenye karatasi ya damu ya msusi, Daktari alikuwa ameongeza maneno machache: mwanamke mfupi, mimba tatu, tazama X. Daktari huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, bingwa wa magonjwa ya kurithi, na hakuwa amekosea kuandika vile. X ni uzi mmojawapo wa jozi inayoamua jinsia, na mwanamke anazo mbili. Wapo ambao katika baadhi ya seli zao X moja ilipotea zamani, seli zilipokuwa zikigawanyika tumboni mwa mama, na baadhi ya hao huwa wafupi, na baadhi hupata shida kubeba mimba. Mama Mkasi alisoma seli thelathini. Tatu zilikuwa na X moja tu. Jibu likakaa juu ya swali kama kifuniko na chungu chake.

Siku ya majibu msusi alikuja na wifi yake, dada wa mumewe, mwuza viatu mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Waliketi kwenye benchi la korido. Ndani, Daktari alikuwa amekaa na kalamu. Mama Mkasi alikuwa akimpangia picha, na huku anapanga alitoa kopo la mafuta mfukoni akajipaka midomo. Akasita, kidole mdomoni.

Midomo ilikuwa imechanika. Tangu lini? Tangu mafundi walipokuja kutengeneza kiyoyozi. Na walikuja lini? Wiki ile ile alipoachia matone ya damu ya msusi. Hewa ya chumba ilikuwa imekauka kama karatasi, na yeye aliendelea kuachia tone usawa wa kidevu kama siku zote.

Alikirudisha kioo cha msusi chini ya hadubini. Safari hii hakutazama seli alizozihesabu, alitazama zile alizoziruka. Ndiyo desturi ya kazi: seli iliyopasuka vibaya hairuhusiwi kuhesabiwa, unaipita, unatafuta nzima. Sasa alizirudia moja moja. Hii ilikosa namba tisa. Ile ilikosa namba mbili. Ile pale ilikosa mbili fupi. Zilikosa hiki na kile bila mpangilio, kama watu waliotawanywa na mvua. Kisha akazirudia zile tatu zenye X moja.

"Daktari, weka kalamu chini."

"Kuna nini, Mama?"

"Hizi niliziruka kwa sababu zimepasuka. Na hizi tatu nazo zimepasuka. Tazama ukingo wake. Lakini hizi sikuziruka."

Daktari aliinama kwenye hadubini kwa muda. "Kwa nini hukuziruka?"

"Kwa sababu X ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mwamba ngoma huvutia kwake."

"Mimi ndiye niliyekutajia X."

"Ulinitajia. Hukunishika shingo."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha. "Bado inawezekana ni kweli, Mama."

"Inawezekana. Ndiyo maana nataka damu nyingine. Kama kosa ni la mwili, litarudi. Kama ni la mkono wangu, halitarudi."

Niseme wazi ninachokistahi hapa, kwa sababu ni rahisi kukipita. Hakuna aliyemwuliza. Seli tatu kati ya thelathini ni ushahidi ambao hospitali nyingi zingeupokea. Daktari alikuwa tayari, mgonjwa alikuwa mlangoni, na jina la Mama Mkasi lenyewe lilikuwa muhuri tosha. Miaka yote alikuwa akitafuta makosa ambayo mwili unayafanya pale nyuzi zinapoachana, na yuko mtu mmoja tu ambaye angeweza kufikiri kwamba kosa safari hii lilitokea hewani, kati ya kidevu chake na kioo. Mtu huyo ndiye aliyekuwa na hasara kubwa kuliko wote kwa kulisema.

Daktari aliinuka aende kwenye korido. Mama Mkasi akamzuia. "Kaa. Tone halikuwa lako."

Wifi alimwona kwanza. "Haya, mama! Mnapima humo ndani au mnachemsha chai? Tumekaa mpaka benchi limetuzoea."

"Samahani, wanangu. Majibu hayako tayari."

"Si mlisema leo?"

"Tulisema leo. Nimeharibu mimi." Alimgeukia msusi. "Damu yako niliiandaa vibaya. Naomba nyingine."

Msusi hakuelewa mara moja. "Umeipoteza?"

"Sijaipoteza. Nimeisoma, na siamini nilichokisoma."

"Umesoma nini?"

"Nikikuambia utakwenda nacho nyumbani, na huenda si chako."

Msusi alimkazia macho. Aliniambia kwamba pale alitaka kumpiga. Alikuwa amejiandaa kwa ndiyo na alikuwa amejiandaa kwa hapana, hakuwa amejiandaa kwa kurudi kwenye rafu ile ya chini kungoja upya. "Mama," alisema, "unajua mimi nangojea nini?"

"Sijui. Lakini naona unangojea kikubwa."

"Basi chukua," akasema msusi, akakunja mkono wa blauzi. "Na ukiharibu tena nitakuja nikusuke bila kitana."

"Tena kwa nguvu," wifi akadakia. "Humjui huyu. Wateja wanatoka pale wamevutwa hadi nyusi."

Safari hii kiyoyozi kilizimwa. Mama Mkasi alikuja kazini na birika la umeme la nyumbani, mzee akalalamika simu nzima kwamba amebaki bila chai, na mvuke ukajaa chumbani hadi madirisha yakatoa jasho. Aliachia matone kutoka usawa wa kifua. Kisha akafanya jambo la pili, ambalo hakutaka liishie kwenye macho yake peke yake: alibandika plasta juu ya jina kwenye kila kioo, akavichanganya na vioo vya watu wengine, akampelekea mwenzake wa meza ya dirishani.

"Nitafute nini?" mwenzake akauliza.

"Sikuambii."

"Hata kidogo?"

"Wewe hesabu tu. Na zilizopasuka niandikie nazo, kila moja imekosa nini."

Mwenzake alihesabu, akanung'unika, akahesabu zaidi ya alivyotakiwa kwa sababu alijua kazi hiyo itapitiwa na nani. Plasta zilipobanduliwa, seli za msusi zilikuwa kamili, zote. X mbili katika kila moja. Zile tatu hazikurudi. Mama Mkasi aliandika kwa mkono wake, kwenye taarifa ya kwanza, kwamba isomwe kuwa imeharibiwa na maandalizi, akatia sahihi, akaipeleka kwa mkuu wa maabara. Aliitwa, akaulizwa, akajibu. Mzee aliponiambia habari hii jioni moja, alisema mkewe alirudi siku hiyo akalala mchana, kitu ambacho hajawahi kumwona akikifanya tangu wajuane.

Wakati huo huo kile kipande kilichokuwa kikiota taratibu ndani ya chupa kilikuwa tayari. Akakiandaa, akakipiga picha, akaketi na mkasi wake.

Msusi na wifi waliitwa, wakaingizwa ndani safari hii, kwenye chumba chenyewe, kwani ofisi ya Daktari ilikuwa ikipakwa rangi. Daktari alianza na lililo jepesi.

"Damu yako ni nzima. Ya mumeo nzima. Hakuna uzi uliopungua wala uliovunjika."

"Sasa mimba zinatokaje?" wifi akauliza.

Mama Mkasi alisogeza karatasi mezani. Nyuzi nyeusi zenye mistari zilikuwa zimebandikwa jozi kwa jozi, safu kwa safu. "Hii ni ya mimba ya mwisho. Zote ziko mbili mbili. Tazama hapa, namba kumi na sita."

"Tatu," msusi akasema.

"Tatu. Mtoto mwenye hiyo tatu katika mwili mzima hakui. Hata angetunzwa na nani, hata ungelala kitandani miezi yote."

"Ya tatu imetoka wapi?"

"Yai au mbegu linapoumbwa, hizi mbili hutakiwa kuachana. Hazikuachana."

"Yai au mbegu," wifi akarudia polepole. "Ya nani kati ya hao wawili?"

Hapo ndipo uongo mdogo ungeweza kupita bila mtu kuuona. Mama Mkasi alimtazama Daktari, naye Daktari hakuukimbia. "Kwa kosa hili, karibu kila mara ni yai."

Msusi aliuvuta mkoba wake mapajani. "Basi ni mimi."

"Ngoja kwanza," Mama Mkasi akasema. "Umewahi kusuka kichwa kikafumuka mteja hajafika kwake?"

"Imewahi kutokea."

"Ukafunga saluni?"

"Afunge!" wifi akasema. "Alimwambia mteja kichwa chake ndicho kibovu."

Msusi alicheka huku machozi yanamtoka, akampiga wifi yake kofi la bega. Daktari alingoja, kisha akaendelea, na nampenda kwa alivyoendelea. "Mbili za kwanza hatukuzipima, kwa hiyo siwezi kukuambia nisichokiona. Wala siwezi kukuahidi ya nne. Ninachokijua ni hiki: lile lilikuwa yai moja, na kosa lilikuwa lake. Wewe hukulibeba, wala hukulirithi, wala halikungojei katika kila mimba. Linatokea kwa wanawake wengi kuliko wanavyojua."

"Na mama mkwe akiuliza?"

"Mama yangu niachie mimi," wifi akasema. "Nitamwambia ni hesabu. Hesabu ilimshinda tangu shule."

Msusi hakusikia, au alisikia akaacha. Alikuwa ameinamia karatasi. Aligusa ukingo wake kwa kucha.

"Hii ni yake? Ya yule aliyetoka?"

"Yake," Mama Mkasi akasema.

"Yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe."

Mimba tatu, na watu wote walikuwa wameuliza kwa nini. "Alikuwa nani?" msusi akauliza.

Mama Mkasi alimtazama Daktari tena. Daktari akaitikia kwa kichwa. Akaweka kidole kwenye jozi ya mwisho kabisa, X mbili zilizobandikwa bega kwa bega.

"Msichana."

Msusi aliondoa kucha kwenye karatasi. Kisha akatoa simu, akampigia mumewe palepale, mbele yao wote. Fundi bomba alikuwa kazini, chini ya sinki la mtu, sauti yake ikija na mwangwi.

"Wamesemaje?"

"Nakuja nyumbani," msusi akasema. "Mwambie dada yangu asinitandikie kile kitanda. Mengine nitakueleza." Akaitazama tena karatasi. "Alikuwa msichana."

Upande wa pili yalisikika maji yakitiririka, kisha mtu akayafunga.

"Sema tena," akasema fundi bomba.

Akamwambia tena.